Shajara ya mradi: mchezaji wa siku zote, kocha wa Jumamosi (gofu, Tabora)

Mei, mwanzoni

Naanza kuandika hii shajara ili mambo yasinipotee, na pia najua huko mikoani wapo watu waliocheza gofu tangu utoto ambao wanatamani kufundisha ila hawajui waanzie wapi. Mi mwenyewe nimetafuta maandishi ya Kiswahili kuhusu hili nikaishia kukuta habari za mashindano tu, nani kashinda, kwa mikwaju mingapi, basi.

Mpango ni huu. Kazi yangu ya maabara shuleni inaendelea Jumatatu mpaka Ijumaa kama kawaida. Jumamosi, na Jumapili jioni ikiwezekana, nifundishe gofu hapahapa Tabora, watoto na watu wazima, kwa utaratibu unaoeleweka.

Mimi ni mtoto wa kedi. Baba alibeba mabegi ya fimbo ya wachezaji gofu Morogoro miaka na miaka, baadae wakamweka kwenye kutunza grini (sehemu laini inayozunguka shimo), sisi watoto wake tumekulia pembeni ya kozi, yani uwanja wa gofu, tukitoka shule tunaenda kumsubiri na kule ndo tulikojifunzia. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia shika hivi, simama hivi. Nilikuwa naangalia wachezaji, nikipata fimbo naiga, ikikubali naendelea, isipokubali naangalia tena. Nimecheza hivyo mpaka nimekuwa mtu mzima, nimeshindana, hendikapu yangu (namba inayoonyesha uwezo wa mchezaji) ni nzuri, lakini ukiniuliza kwa nini mpira umekata kulia nitakuonyesha kwa mwili kabla sijapata neno. Kwahiyo mradi wenyewe uko hapo: gofu niliipata kwa macho, sasa natakiwa niitoe kwa mdomo, na kuitoa kwa mdomo ni kazi nyingine kabisa.

Eneo limepatikana. Mzee mmoja tuliyewahi kuwa majirani Isevya ana uwanja wa majani upande wa Igombe, alikuwa analishia ng'ombe, sasa ng'ombe hana. Nilienda kumsalimia nikamweleza, akacheka sana, akasema "mwanangu, huo mchezo si wa mabwana wakubwa?" nikamwambia shikamoo tena baba, baba yangu hakuwa bwana mkubwa na alikuwa anaupiga mpira kuliko wengi waliomlipa. Akakubali. Sharti lake ni moja, miembe yake isipigwe mipira ikiwa na maua.

Mei, mwishoni

Kabla ya kumshikisha mtu fimbo nimekaa na suala la ridhaa, na hapa nawaomba wenzangu msome taratibu maana watu wengi wanapita juujuu halafu inawagharimu.

Mi nacheza kama mchezaji wa ridhaa, yani asiyecheza kwa kulipwa, na nataka kuendelea kushindana hivyo. Kanuni za hadhi ya ridhaa zinazosimamiwa na R&A na USGA, vyombo viwili vinavyoongoza gofu duniani, ziliandikwa upya na kuanza kutumika Januari 1, 2022. Ni fupi kuliko za zamani, na mambo yanayokutoa kwenye ridhaa ni machache: kupokea zawadi inayozidi kiwango (dola 750 za zamani sahau, sasa hivi ni paundi 700 au dola 1,000 za Marekani), kucheza kama mtu wa kulipwa, kuajiriwa kama profesheno wa klabu, kuwa mwanachama wa chama cha wachezaji wa kulipwa, na kupokea malipo kwa kufundisha. Hilo la mwisho ndo langu.

Ila kuna milango. Mtu aliyeajiriwa na shule au chuo anaweza kufundisha gofu kama sehemu ya ajira yake, mradi muda wa kufundisha gofu uwe chini ya nusu ya muda wake wote wa kazi. Pia unaweza kulipwa ukifundisha ndani ya programu iliyoidhinishwa mapema na chama cha taifa. Na unaweza kulipwa kwa mafunzo ya maandishi au ya mtandaoni ikiwa humfundishi mtu mmojammoja.

Kwahiyo nina njia tatu za kuchagua. Ya kwanza, niache ridhaa, niingie kwenye ukocha wa kulipwa moja kwa moja. Ya pili, shule yangu ikubali gofu iwe klabu ya michezo, niifundishe kama sehemu ya kazi. Ya tatu, niandike programu, niipeleke kwa chama cha taifa iidhinishwe kwanza. Nimechagua ya tatu, na ya pili nitaizungumza na mkuu wa shule taratibu. Wakati nasubiri sipokei senti ya mtu. Mzee mwenye uwanja ametaka kunipa chupa ya asali kwa ajili ya mjukuu wake atakayekuja kujifunza, nikamrudishia kwa heshima zote, nimemwambia baba niwekee, siku ikiruhusiwa nitakuja na ndoo.

Kuhusu vyeti. Nimesoma sana njia za wenzetu. PGA ya Uingereza, chama cha wachezaji na makocha wa kulipwa, ipo tangu 1901, wachezaji mashuhuri akina Harry Vardon na J.H. Taylor ndo waliokuwa ndani yake mwanzoni, na mafunzo yake ni ya miaka, unafanya kazi huku unasoma. Marekani chama chao kilianza 1916 na kwa muda mrefu mtihani wa uwezo wa kucheza ulikuwa mashimo 36 kwa siku moja, yani unatembea raundi mbili jua likikuangalia. Heshima kwao. Kwangu mimi mwenye kazi ya kudumu na mtoto chuo, hiyo haiko mezani mwaka huu. Nimeanza na kinachofikika: mafunzo ya kanuni ya R&A yapo mtandaoni, ngazi ya kwanza unasoma na kufanya mtihani kwa simu yako, nafanya usiku umeme ukiwepo.

Juni

Kanuni zimenichukua muda kuliko nilivyodhani, na nimefurahi. Sisi wa zamani tulikua na dakika tano za kutafuta mpira, tangu 2019 ni dakika tatu. Tulikuwa tunadondosha mpira kwa mkono ulionyooka usawa wa bega, sasa ni usawa wa goti. Bendera ya shimoni zamani ukiigonga kwa kuputi (kuviringisha mpira taratibu kuelekea shimoni) ukiwa grini ulipata adhabu, sasa unaruhusiwa kuputi ikiwa imesimama humohumo. Nataka wanafunzi wangu wasiwe na haja ya kusahau kitu, wajifunze za sasa mara moja.

Na hili la hendikapu watu walisikie: mfumo wa dunia nzima ulioanza 2020 unaruhusu hendikapu mpaka 54, mwanamke kwa mwanaume. Maana yake mtu anayepiga mikwaju mitatu zaidi ya kiwango kila shimo kwenye mashimo 18 tayari ana namba yake, anaingia kwenye mashindano kwa haki. Huko nyuma wanawake wengi nimewaona wakikaa pembeni kwa sababu waliambiwa hawajafikia.

Julai

Mwezi wa vifaa. Nimekaa na fundi wa baiskeli pale Ng'ambo mpaka amekuwa mtaalam wa gofu bila kupenda.

Fimbo za kuanzia nimezikusanya kwa marafiki wa Dar na Morogoro, nyingine zimekuja kwa treni zimefungwa kwenye kiroba. Za watoto ni lazima zikatwe, na hapa kuna jambo. Ukikata mpini unakuwa mgumu zaidi na kichwa cha fimbo kinahisi chepesi mkononi, kwahiyo ukichukua fimbo ya mwanaume mzima yenye mpini wa chuma ukaikata nusu, mtoto anabaki na nondo. Nimechagua zile za wanawake zenye mpini mwepesi, ndo nikakata. Vishikio vimekwisha, tumezungushia mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa utepe, unashika vizuri hata mkono ukiwa na jasho.

Mashimo. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108. Bomba la maji taka la PVC linalouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi ni milimita 110 kwa nje, ukilikata vipande vya kina cha kutosha (kanuni inataka angalau milimita 101.6) unazika ardhini unapata shimo lililosimama vizuri, kwa ndani jembamba kidogo tu kuliko la kanuni. Mi naona ni faida, anayezoea jembamba akienda kwenye kozi ataliona pana.

Grini ya majani hapa kiangazi siiwezi, maji yenyewe ya kunywa tunayagombania. Nimefanya brauni kama zile baba alizonisimulia, kozi nyingi za Afrika zisizo na maji zimechezewa hivyo miaka na miaka. Unasawazisha ardhi, unashindilia, unamwaga mchanga laini, unaburuta kwa bomba zito lililofungwa kamba mpaka uso unakuwa sawa. Wa zamani walichanganya mchanga na oili chafu ya magari ili usipeperuke. Mi nimekataa oili kabisa, watoto wanakaa chini pale na mzee ana kisima karibu, nanyunyizia maji kidogo kabla ya kuanza na inatosha kwa jioni moja. Mpira unaenda taratibu kuliko kwenye majani mazuri lakini unaenda ulikotumwa, na kwa anayeanza hicho ndo kitu.

Pa kupigia: ardhi ya Tabora mwezi wa saba ni kama sakafu, ukipiga aini (fimbo ya kichwa cha chuma) hapo kifundo cha mkono kinalia. Tumeweka vipande vya zulia gumu la mlangoni juu ya vipande vya tairi. Mipira ya kweli ninayo michache, wanaoanza wanatumia ya tenisi, na ile ya plastiki yenye matundu ambayo haiendi mbali.

Agosti

Wanafunzi wamekuja. Mjukuu wa mzee na wenzake wa mtaani, binti mmoja mcheza netiboli, dogo wa bodaboda aliyekuwa ananileta uwanjani akakaa kuangalia mpaka akaomba fimbo, na mama mmoja nesi mstaafu ambaye daktari amemwambia atembee.

Kitu cha kwanza ni usalama na sitanii nacho. Mstari mmoja wa kupigia, wote wanaangalia upande mmoja, hakuna fimbo inayopanda juu ya kiuno mpaka niseme, na mipira inaokotwa kwa pamoja baada ya mimi kupaza sauti. Mtoto wa mtu amekabidhiwa kwangu. Mpira wa gofu uzito wake hauzidi gramu 45.93 lakini ukikupata kwenye paji la uso utajua gramu hizo ni nyingi.

Tunaanzia shimoni kurudi nyuma. Kwanza kuputi kwa umbali wa hatua moja, afu mbili, afu kuchipi (kupaisha mpira kidogo) kutoka pembeni ya brauni, afu aini saba kwa nusu swingi, fimbo ikizungushwa nusu tu, na hiyo draiva (fimbo ndefu ya kupiga mbali) wanayoililia imelala kwenye begi, itaamka muda wake ukifika. Sababu yangu ni rahisi, kwenye kuputi mtu anaona mpira ukiingia siku hiyohiyo ya kwanza. Yule mama nesi alipoutumbukiza akapiga vigelegele, watu wanaopita njiani wakasimama.

Sasa suala la mshiko. Watoto wote wanashika kwa vidole kumi, mikono yao ni midogo, hayo mambo ya kufunga kidole juu ya kidole alivyokuwa anashika Vardon yatakuja baadae. Ila dogo wa bodaboda ameshika kinyume. Anapiga kwa upande wa kulia kama wengine lakini mkono wa kushoto ameuweka chini na wa kulia juu. Kila kocha niliyewahi kumsikia angemgeuza palepale.

Mi nimemwacha kwanza, na sababu yangu ina jina: Sewsunker Sewgolum, wakimwita Papwa, kedi wa Durban mwenye asili ya Kihindi aliyeshika fimbo hivyohivyo kinyume maisha yake yote. Alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959 na akayarudia tena baadae, na mwaka 1963 akashinda Natal Open pale Durban Country Club, ambapo kwa sheria za ubaguzi hakuruhusiwa kuingia ndani ya jengo la klabu, akakabidhiwa kombe lake nje mvua inanyesha. Baba alikuwa anamsimulia huyu mtu kwa sauti ya chini kama anasimulia ndugu yake. Nimewasimulia na wanafunzi, dogo akaangalia mikono yake akakaa kimya.

Simaanishi kila mtu ashike kinyume. Ninachosema ni kwamba kabla sijabadilisha mkono wa mtu nataka kwanza nione mpira wake unafanya nini. Ukienda ulikotumwa, ukapaa, ukarudia kufanya hivyo, mshiko wake una akili yake. Usipoenda, tutazungumza. Mpaka sasa wa kwake unaenda.

Septemba

Hii sehemu nitairefusha kwa sababu ndo moyo wa kazi.

Nimekua nikiambiwa kwamba mpira unaanza kuelekea pale fimbo inakopita, halafu unakunja kufuata uso wa fimbo ulikoelekea. Hiyo imefundishwa dunia nzima kwa miaka mingi. Baadae zikaja rada za kupima mpira, zile za TrackMan kutoka Denmark ndo maarufu, zikaonyesha mambo yako karibu kinyume: mpira unaanza kwa sehemu kubwa pale uso wa fimbo unakoangalia wakati wa kugusana, na kukunja kwake kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ya fimbo. Uso ukiangalia kulia kwa njia, mpira unakata kulia. Uso ukiangalia kushoto kwa njia, unakunja kushoto. Mradi umeupiga katikati ya fimbo, maana ukipiga pembeni kuna mengine.

Ukilijua hili mazungumzo na mwanafunzi yanabadilika. Binti wa netiboli alikuwa na slaisi, mpira unaanza kushoto kidogo halafu unakata kulia mpaka kwenye miembe. Zamani mtu angemwambia uso wako uko wazi, funga mkono. Lakini mpira ulianza kushoto, maana yake uso ulikuwa unaangalia kushoto ya shabaha, tatizo ni njia yake ilikuwa kushoto zaidi ya hapo, anakata kama anayefagia kuja kwake. Ukimfungia mkono peke yake mpira unaenda kushoto jumla. Nimechukua vijiti viwili vyenye vitambaa, chekundu kwa uso, bluu kwa njia, nikaviweka chini mbele yake, nikasema piga, halafu kabla sijafungua mdomo wewe niambie vijiti vilikaaje. Kwa wapenda soka nimetumia frikiki, kila mtoto wa Tabora anajua kuzungusha mpira kwa upande wa mguu, jambo ni lilelile la mpira kuzunguka kwa mshazari.

Sasa hivi wanasoma mipira yao wenyewe. Mmoja anapiga, wenzake wanasema "umeanza kulia umebaki kulia, uso na njia viliangalia sehemu moja". Watoto wa miaka kumi hao. Nilisimama nikawasikiliza nikamkumbuka baba.

La pili ni maneno ya kumwambia mtu akiwa anataka kupiga. Kuna mtafiti anaitwa Gabriele Wulf, yeye na wenzake mwaka 1999 waliwafundisha watu wasiojua gofu kupiga mpira mfupi wa kupaa, kundi moja likaambiwa liweke akili kwenye mikono yao inavyozunguka, jingine liweke akili kwenye fimbo inavyozunguka. Waliofikiria fimbo walilenga vizuri zaidi, na hata waliporudi baadae bila kukumbushwa bado walikuwa mbele. Tofauti ni neno moja tu, mikono au fimbo.

Kwahiyo nimeanza kuchuja maneno yangu. Sisemi tena "zungusha nyonga, nyoosha mkono wa kushoto, usinyanyue kichwa". "Usinyanyue kichwa" ndo wimbo wa kila asiyejua la kusema. Badala yake nachora mstari wa majivu juu ya ardhi laini tuliyoichimbua, bila mpira, nasema fimbo iguse udongo mbele ya mstari, upande wa shabaha. Basi. Sisemi uzito uhamie mguu gani. Mtu anayebaki nyuma udongo wake unachimbika kabla ya mstari, anauona kwa macho yake, anajirekebisha bila mimi, na baada ya muda ukiangalia uzito umehama wenyewe. Halafu tunaweka mpira juu ya mstari. Majivu tunapata bure kwa mama anayechoma mahindi barabarani, sasa anatuwekea kwenye kopo.

Yani hapa nimepata jibu la lile swali la Mei la macho na mdomo. Baba hakuwa amenyamaza kwa kukosa la kusema. Alikuwa anaweka kitu mbele ya macho halafu anaondoka. Kazi yangu mimi ni kuchagua kitu gani cha kuweka, kwa nani, na lini, na hapo ndo inabidi nijue mengi ili niseme machache.

Oktoba

Joto kali. Tunaanza asubuhi mapema, jua likipanda tunakaa chini ya miembe tunasoma kanuni na kula matobolwa.

Nimebadilisha mazoezi. Zamani mtu anapiga aini saba rundo zima kuelekea sehemu moja, mwishoni anapiga vizuri sana anaenda nyumbani amefurahi, wiki ijayo karudi palepale. Utafiti wa Shea na Morgan wa mwaka 1979, ambao haukuwa wa gofu lakini makocha wengi wanautumia, ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi mchanganyiko walionekana wabovu siku ya mazoezi lakini baadae walikumbuka vizuri kuliko waliorudia kitu kimoja mfululizo. Kwahiyo sasa kila mpira una shabaha yake na fimbo yake, kama ilivyo kwenye kozi ambako hakuna anayekupa nafasi ya kupiga mpira uleule mara mbili. Dogo wa bodaboda alilalamika kwamba anaharibu, nikamwambia vumilia, tutaangalia wiki mbili zijazo, siangalii leo. Ni kweli inauma kuona mtu unayempenda anapiga vibaya huku unajua dawa ya kumfurahisha kwa nusu saa. Wiki mbili zimepita, anachipi kwa weji (fimbo ya mipira mifupi ya kupaa) na aini nane bila kuuliza ipi.

Simu: napiga video polepole kutoka sehemu mbili tu, nyuma ya mstari wa shabaha usawa wa mikono, na mbele ya kifua. Ukiweka simu pembeni kidogo ya mstari njia ya fimbo inakudanganya, kwahiyo nimechomeka kigingi, simu inakaa palepale kila siku. Mwanafunzi namwonyesha jambo moja. Mengine naandika kwenye daftari langu.

Na tukumbuke Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali kidogo kuliko Dar. Nimewaambia wasishike namba za umbali wa hapa kama msahafu, wakienda pwani waongeze fimbo moja ndefu zaidi wajaribu.

Mkuu wa shule nimemweleza. Hajakataa. Ameuliza kama wasichana watashiriki, nikamwambia wasichana ndo wataanza, nikamtajia Madina Iddi, Mtanzania aliyeibeba bendera yetu kwenye gofu nje ya nchi, akaandika jina.

Novemba

Mtihani wa kanuni ngazi ya kwanza umefanyika na nimefaulu. Nimefurahi kuliko kombe.

Mvua za kwanza zimenyesha, brauni imeyeyuka upande mmoja, tumechimba mfereji kuizunguka na kuiinua katikati ili maji yatembee. Radi za huku si za kuchezea. Kanuni ya 5.7 inamruhusu mchezaji kusimamisha mchezo akiamini kwa sababu za msingi kwamba kuna hatari ya radi, na mi nimeongeza ya kwangu: tukisikia ngurumo fimbo zinabaki chini, watu wanaondoka uwanjani, na hakuna kujificha chini ya miembe. Kwa mzee kuna nyumba ya bati yenye nafasi, tunaingia humo, mama nesi anatumia muda huo kufundisha huduma ya kwanza, kufunga jeraha na kumlaza mtu aliyezimia. Hilo hata sikulipanga, alijitolea mwenyewe akasema "kocha, na mimi nina cha kufundisha".

Miembe ilishamaliza maua, mipira miwili imeingia kwenye matawi, mzee hakusema kitu.

Programu kwa ajili ya chama cha taifa nimemaliza kuiandika. Ina sehemu ya usalama, mpangilio wa masomo kuanzia shimoni kurudi nyuma, umri, idadi ya watu kwa kocha mmoja (nimeweka wasiozidi nane, zaidi ya hapo jicho langu haliwafikii), vifaa, na ombi la kuruhusiwa kutoza ada kwa watu wazima ili watoto wasilipe kabisa. Nimeambatanisha picha za brauni na za mstari wa majivu. Imeenda Jumatatu kwa basi pamoja na nakala ya barua pepe.

Kinachofuata: kutafuta fimbo ya mkono wa kushoto kwa mtoto mmoja mpya, mwenye nayo anijulishe, mpini mwepesi tafadhali. Kuitoa draiva kwenye begi kwa ajili ya binti wa netiboli, ameiva. Na Desemba shule zikifungwa nataka niwapeleke wawili watatu Morogoro kwa treni wakacheze kozi ya kweli, nauli naihesabia kwenye mshahara wangu, dogo wa bodaboda amesema yake atalipa mwenyewe na ameshaanza kuweka pembeni.